Mlango wa Buluu

Umeandika, Kimanthi, kwa mwandiko wako wa shule ya misheni,
kwamba Jumanne ulifika Mukuru, nyuma ya kiwanda cha vyuma,
ukabisha mlango wa buluu,
ukamkuta dada wa mfungwa akianua nguo,
akasema: na aje, godoro lipo.

Kurasa nne. Hazina kosa hata la herufi.
Nimezisoma mara mbili, chai ikipoa,
kalamu ikakataa kushuka.
Si kwa shaka. Kwa mazoea tu,
kama mtu anayerudi kushika komeo aliloshafunga.

Basi jana nikavua viatu vya ofisi, nikavaa raba,
nikaenda.

Hakuna mlango, Kimanthi.
Pana ukingo wa mto, na alama nyekundu
kwenye kipande cha ukuta kilichosahauliwa na tingatinga,
na mbuzi juu ya kifusi, anatafuna gunia
kana kwamba ana hati ya kumiliki.
Muuza mihogo akaniambia: walibomoa mwezi wa nne,
usiku, mvua ikinyesha.
Dada? Labda Njiru. Labda Kitengela.
"Hapa watu hawahami, afisa. Wanamwagika."

Nikasimama pale nikihesabu:
mafaili sitini na mawili mezani kwako,
nauli ya mwezi iliyokwisha tarehe tisa,
pikipiki ya idara, gurudumu bovu tangu Februari,
na mimi, niliyekuandikia kwa wino mwekundu,
"Harakisha."
Hilo la mwisho nililihesabu mara ya pili.

Alhamisi kamati inakaa.
Kule Kamiti, Barasa Wekhomba, miaka kumi na saba ndani,
amekwisha kugawa blanketi lake.
Kikombe kampa kijana wa kitanda cha chini.
Kila askari anayepita humwuliza bei ya mkate,
na anaikariri kama mtu wa mtihani.
Tukimtoa kwa karatasi yako
atashuka barabarani na anwani mkononi,
amwulize mbuzi njia.

Sheria naijua. Naweza kukudai barua ya kujieleza,
nakala kwa Mkurugenzi, nakala kwa Tume,
na kufikia Krismasi kiti chako kitakuwa na mtu mwingine
mwenye mwandiko mbaya na mafaili yaleyale.

Ulipoingia leo hukuketi.
Uliziona raba zangu zenye tope chini ya meza,
ukazitazama
jinsi mshtakiwa anavyotazama kidhibiti.

Nilikuwa na hotuba. Niliitunga Barabara ya Jogoo nzima.
Nikasema tu: "Kaa. Buluu gani?"

Ukajibu: "Ya mlango wa mama, kule Mwala.
Nilishindwa kubuni nyumba
ambayo mtu asingetaka kuirudia."

Miaka ishirini na miwili napima majuto ya watu,
hafifu, ya wastani, ya kutosha.
Hilo halikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Haya, sikiliza masharti.
Ripoti utaiondoa kwa mkono wako, na sababu utaiandika ilivyo.
Kamati itaambiwa ukweli, jina langu juu ya lako.
Dada utamtafuta, Njiru kwanza.
Nauli hii hapa. Usinishukuru, nitaidai.
Na kila Jumatatu, saa mbili kamili,
utakuja kutia sahihi kwenye daftari hili
na kunieleza ulichokiona kwa macho yako mawili.
Miezi sita.
Maneno unayajua. Umewasomea wengi
ukiwa upande huu wa meza.

Barasa je?
Barasa atangoja kikao kijacho.
Huyo niachie mimi. Kesho nitapanda hadi Kamiti,
nikae naye kwenye benchi, nimwambie mlango haupo.
Akinyamaza, nitamtajia bei ya mkate.
Imepanda tangu wiki jana.
Itabidi aanze kukariri upya.